Somo, Tumeuza Magodoro ya Nyanya

Somo yangu Bi Siwema,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia leo, lakini tangu lini mimi nikaanza kukusemesha bila shikamoo? Ungenitazama kwa lile jicho lako linalotangulia kufumba, nikajirudi mwenyewe. Kwa hiyo shikamoo, na nyingine wapelekee hao uliowakuta huko.

Naandika nikiwa barazani kwako. Usishtuke. Arobaini yako ilipokwisha, mwanao alirudi kwa mumewe Ifakara, funguo akaniachia mimi. Akasema, "Mama Zuhura, nyumba isiyolala mtu huliwa na mchwa." Basi nafagia, nawasha moto jikoni ili moshi upande darini, napiga bega ule mlango wa uani unaokwama mvua ikinyesha. Bado unakwama. Fundi nimemkataza kuugusa.

Mwandiko wangu unaujua, na darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo soma polepole. Nina habari, Somo. Habari nzuri mpaka nimeshindwa kukaa nazo peke yangu. Ila ngoja nianzie mwanzo, maana hukupenda mtu anayeshika hadithi mkiani.

Siku ile ya hitma yako, watu walipokwisha kula, sisi wanawake tulibaki uani tunaosha masufuria. Mama Neema, yule fundi cherehani, akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakiogopa. "Wasichana wetu wakimaliza mtihani wa kidato cha nne, nani atawaweka ndani?" Halafu nikaona nyuso zote zimenigeukia mimi. Mimi, Somo! Mimi ambaye mtoto akichelewa kurudi kisimani nimeshatoka barabarani bila viatu. Nikasema siwezi. Mama Neema akasema, "Wewe ndiye uliyekaa naye karibu. Nani mwingine anajua sharti lake?"

Sharti lako. Wengine wanadhani mwali anawekwa ndani anawiri tu, afundwe adabu, atolewe kwa ngoma, atuzwe, basi. Kwako adabu ilikuwepo, tena kali, lakini hukuishia hapo. Mwali wa Siwema hatoki mpaka ameuza kitu alichokitengeneza mwenyewe, kwa kilichomo ndani au kilichotupwa na watu. Hakanyagi nje. Haonekani uso. Na mama yake haruhusiwi kununua wala kumsemea. Enzi zangu uliniketisha kwenye kile chumba cha nyuma, ukaniuliza, "Hapa kuna nini?" Nikakujibu hakuna kitu. Ukasema, "Basi kaa na huyo hakuna kitu mpaka akwambie jina lake," ukatoka ukarudishia mlango. Nililia, Somo. Nilidhani huna huruma. Kumbe vile vifagio nilivyovifunga humo ndani ndivyo vilivyonilisha mimi na Zuhura mwaka ule baba yake alipokwenda migodini asirudi.

Sasa kaka yangu Salehe. Unamjua, na unajua kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye mwali. Aliposikia, alikuja na fimbo yake akasimama pale kwenye ngazi. "Bi Siwema, Mungu amrehemu, ameondoka na mambo yake. Mwali anafundwa adabu. Umachinga atafundwa na shida." Nikamwomba. Mimi kuomba najua. Mwisho akasema haya, jaribuni mara hii moja. Wasichana wakifikia siku ya kutolewa hawajauza kitu, sharti lako linazikwa, hatutalisikia tena hapa Mlali, na Zuhura anakwenda Dodoma kulea watoto wa binamu yake. "Nimeshampigia simu," akasema. "Wanamsubiri."

Hebu fikiria, Somo. Mwanangu wa pekee, akasugue masufuria ya watu, na mambo yako uliyoyajenga miaka yote yafie mikononi mwangu. Nilikuja kaburini kwako nikakaa, nikasema yote. Ukanyamaza. Nikajua umeniachia hakuna kitu wangu mwingine.

Basi tukawaweka ndani, Zuhura na Neema. Tukakifagia kile chumba cha nyuma kikabaki kitupu, nikawauliza kwa sauti nzito kama yako, "Hapa kuna nini?" Wakatazamana. Zuhura akasema, "Mama, si unaona mwenyewe? Hakuna kitu." Nikakimbilia uani, nikacheka mpaka machozi, na hayo machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Neema alitaka kusuka mikeka, ukili hakuna. Zuhura alitaka kupika vitumbua, unga hakuna. Akakasirika. "Shuleni mwalimu wa biashara alisema biashara inaanza na mtaji. Wewe unatupa ukuta." Ningemjibu nini, mimi wa darasa la nne dhidi ya mwalimu? Mkono wangu ulishaingia kwenye pindo la kanga nilikofunga vijisenti vyangu. Nikasikia kama umenipiga kofi kiganjani. Nikautoa mtupu, nikamwambia maneno yako kama yalivyo: "Sikilizeni nje. Lalamiko la mtu ni duka lisilo na mwenyewe."

Na nyuma ya kile chumba, Somo, kuna nini? Ukuta mmoja tu, halafu pale wanapopakia nyanya zinazoshuka Mgeta. Mwali hana la kuona, anabaki na masikio. Wakatega masikio yao ukutani asubuhi mpaka jioni. Nikipeleka uji nawakuta wameinamia ukuta kama wagonjwa wa jino. Matusi ya wale vijana waliyasikia yote, astaghfirullah, mpaka nikataka kuziba ukuta kwa blanketi. "We Chogo, unapakia nyanya au matofali?" "Nyanya za mamako hizi? Tulia!" Lakini katikati ya matusi kulikuwa na kilio kimoja kinachojirudia. Wachuuzi wanalia, madereva wanalia. Nyanya zinatoka hapa nyanya, zinafika Dar mchuzi. Matenga yana fito kali na misumari, na barabara yetu unaijua, haina huruma na mzigo.

Siku hiyo Zuhura akanishika mkono nilipoweka sufuria. "Mama, watu wote hapo nje wanalia na kitu kimoja. Hebu nenda ukaangalie, ndani ya tenga wanatandika nini?" Nikajifanya natafuta mbuzi, nikachungulia. Nyasi, Somo. Konzi moja ya nyasi chini, juu hakuna, pembeni hakuna. Nikarudi kumwambia. Akauliza, "Na majani makavu ya mgomba watu wanayafanyia nini siku hizi?" Nikamwambia wanayachoma. Neema akapiga kofi la furaha, nikamkumbusha mwali hapigi makelele.

Mimi na mama Neema tukazunguka kwenye mashamba tukiomba majani. Wenye migomba wakatushukuru kwa kuwasafishia! Tukabeba mizigo kichwani kama enzi zile za kuteremsha kuni. Humo ndani watoto wakasuka kwa kamba za mgomba huohuo, bapa kwa bapa, magodoro membamba ya kutandika ndani ya tenga. Magodoro ya nyanya. Zuhura ndiye aliyeyapa jina, na mimi nikaona haya hata kulitamka mbele ya watu.

Hapo sasa ndipo tulipojikwaa. Maana unajua mikono ya mwali wa kwetu. Akishika kitu cha kusuka hawezi kukiacha hivihivi. Waliyatia mapambo, wakayapaka rangi kwa magome, wakazungushia pindo, moja lina mawimbi, jingine lina macho ya ndege. Nikayapeleka kwa wapakiaji nikasema jaribuni bure, mkipenda mtanunua. Wakayapokea kwa mikono miwili. Kesho yake napita, tengani hakuna hata moja! Moja liko juu ya kiti cha bodaboda. Jingine limepelekwa kwa mkwe. Na Chogo, yule kijana mrefu mwenye mdomo, amelikalia lake anakunywa kahawa. Nikamuuliza, akanijibu, "Shangazi, kitu kizuri hivi nikifunike kwa nyanya? Nitakuwa na akili kweli?"

Nilipowapelekea habari, Neema alilia kwa kwikwi. Zuhura alitazama dari. Nami nikakumbuka siku vifagio vyangu viliponunuliwa na yule mwalimu, halafu akavitundika ukutani vikawa pambo, nikakasirika, nawe ukaniambia, "Mteja hajakosea. Amenunua kitu usichojua kwamba umekiuza. Wewe jiulize ulitaka anunue nini." Nikawaambia hivyohivyo. Neema akafuta kamasi akasema, "Basi tuyatengeneze mabaya."

Usicheke. Kuyatengeneza mabaya kuliwashinda! Vidole vya Neema vilikuwa vinakimbilia mapambo vyenyewe, Zuhura anampiga kofi mkononi, "Baya, Neema! Fanya baya!" Mwisho wakapata lile lisilotamanika na mtu yeyote isipokuwa nyanya. Zito kidogo, limekaza, lina masikio ya kufungia kwenye fito.

Nikalipeleka kwa Mama Kidawa. Huyu hukumkuta, ameanza kuja baada yako. Mchuuzi wa Dar, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, anakodi fuso, na nyanya za kaka Salehe ndiye anayezichukua. Akaligeuza akaligeuza. "Nini hiki, shoga? Godoro la mgonjwa?" Nikamwambia, la nyanya. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, nazo zilale kama mabibi harusi." Akatandika kwenye matenga machache, akasema yakinifaa nitalipa, yasiponifaa nitawashia jiko. Fuso likaondoka.

Hakurudi, Somo. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Kila honi nilitoka. Nilisikia amepeleka fuso lake upande wa Kilosa, wengine wakasema anaumwa. Siku ya kuwatoa ikawa inakuja, haingoji mtu. Kaka akapita, "Wameuza?" Nikamjibu, yamechukuliwa kujaribiwa. Akasema, "Kuchukuliwa si kuuzwa, dada yangu," hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo nilipovunjika, maana alisema kweli. Nikaanza kufua nguo za Zuhura za safari.

Siku yenyewe ikafika. Ngoma zilianza kulia asubuhi, wanawake wa mlimani wameteremka, wa mjini wamepanda. Tukawapaka mafuta, tukawafunika kanga mpya kuanzia utosini, tukawatoa wameinama. Unajua taratibu, mwali aliyefunikwa ni bubu. Hasemi mpaka mjomba wake amfunue, na mjomba anafunua mwisho, ngoma ikishazunguka mpaka kwa wazee. Tumeanza kuteremka hivi, tumefika pale wanapopakia, mara honi. Honi, honi, honi. Fuso limesimama katikati ya ngoma, na Mama Kidawa ametoa kichwa chote dirishani.

"Wenye magodoro wako wapi?" Ngoma zikanyamaza. "Nauliza wenye magodoro! Nyanya zangu zimefika Dar zikiwa nyanya! Wenzangu sokoni wananiuliza nimezileta kwa ndege!"

Somo. Ah, Somo.

Nilimwonyesha kidole, ndio hawa. Akatazama zile kanga mbili zilizoinama, akasema haya, nataka ya fuso zima, na kila safari, tupatane sasa hivi, dereva wangu ana haraka. Na wale watoto wamesimama bubu! Namwona Zuhura vidole vinacheza chini ya kanga. Hapo Chogo akajipenyeza, "Mama, usihangaike na wanawali. Majani tu hayo, sisi tutakusukia." Mama Kidawa akamgeukia. Nami mdomo wangu ukafunguka, Somo, neno lilishafika kwenye meno. Ningelisema. Mama gani asingesema? Nikauma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Maana ningemsemea, kila mtu pale angejua ameuza mama, si mwali.

Tukamtazama kaka Salehe sote. Amesimama na fimbo yake. Akaangalia fuso, ambalo lilikuwa limekuja kubeba nyanya zake mwenyewe, akawaangalia wazee, akamwangalia Chogo. Halafu akasema, "Mama Kidawa, mwambie dereva azime gari." Akatembea polepole mpaka kwa Zuhura, palepale barabarani, ngoma haijazunguka, wazee hawajafikiwa. Akashika pindo la kanga akalifunua. "Mimi mjomba wako nimekufunua. Sema."

Zuhura alipepesa macho kwa jua. Akasema, "Shikamoo mjomba." Akamgeukia Mama Kidawa. "Shikamoo mama. Kamba za katani mnazofungia matenga, mkifika Dar mnazipeleka wapi?"

Mama Kidawa akasema, "Kamba? Tunatupa."

"Usizitupe tena. Turudishie kila safari, kamba za mgomba zinatukatikia. Ukituletea kamba, wewe utapata magodoro kabla ya mchuuzi mwingine yeyote. Usipoleta, utapanga foleni. Sasa tuseme bei."

"Jamani," Mama Kidawa akauliza watu, "huyu mtoto ametoka ndani leo?" Mama Neema akamjibu, "Hata jua halijamwona vizuri!" Mjomba wake Neema naye akaona asibaki nyuma, akamfunua wake, na unajua yule mpole alisema nini? Alimtazama Chogo akamwambia, "Kaka Chogo, utasuka wewe? La kwanza tulikupa, umelikalia mpaka leo." Watu waliangua! Halafu akaongeza, taratibu kabisa, "Lakini miguu yako mirefu. Njoo utukusanyie majani, tutakulipa." Chogo alijikuna kisogo, akauliza kazi inaanza lini.

Wakapatana. Mama Kidawa alilipa palepale, ya yale ya kwanza na ya haya yanayofuata, mkononi mwa Zuhura, mbele ya watu wote. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilifika Mzinga. Na mimi, katikati ya vile vigelegele, nikageuka upande wako. Pale unapokaaga, kwenye kile kigoda, na kanga yako ya buluu. Niligeuka kabisa, Somo, mdomo umefunguka nikwambie, "Umeona?" Kigoda hakipo. Nikasimama hivyo. Mama Neema akanishika kiuno akanichezesha kwa nguvu, akasema, "Ameona, ameona, cheza." Nikacheza. Nililia na nikacheza.

Kaka Salehe hajasema alikosea, wala sitamngoja aseme. Alichofanya ni kupiga simu Dodoma nikiwa pale pale nasikia. "Mtafute mwingine. Huyu ana kazi." Halafu akaniambia bila kunitazama, "Ile migomba yangu ya bondeni nayo ina majani, kama mnataka." Kwa kaka yangu, hiyo ni khutuba nzima.

Sasa hivi chumba chako cha nyuma majani yamefika dirishani. Mimi wasiwasi wangu uko palepale, ndiyo nilivyoumbwa. Naogopa moto, nimehamisha jiko mpaka kwenye mpapai. Naogopa mvua. Naogopa Mama Kidawa akihama tutafanyaje, nikamwambia Zuhura, akanijibu ameshazungumza na wachuuzi wengine wawili na sasa anasikiliza wauza parachichi wanalia na nini. Matokeo ya mtihani hayajatoka. Yakiwa mazuri atasoma, na kamba na majani Neema atayasimamia. Yakiwa mabaya, hatakwenda kusimama mlangoni kwa mtu kuomba asaidiwe. Lolote litakalokuja litamkuta amesimama. Nilikuwa nalala na hofu hiyo tangu siku nilipomzaa, Somo, na sasa siioni ilipo. Nimeitafuta.

Wanawake wanakuja. Kuna mama mmoja mtumishi wa serikali, wa kule Mazimbu, binti yake amemaliza shule na anashinda kwenye simu. Si wa kabila letu, mambo ya mwali hayajui, ameomba tu binti yake awekwe kwenye kile chumba asikie ukuta. Kaka amesema aje. Anaingia kesho asubuhi. Atakayempokea na kumuuliza kuna nini humu ni Zuhura, si mimi. Ameniambia, "Mama, usiwepo. Utamwonea huruma utamletea maandazi."

Basi nakuahidi, Somo yangu, mlango huu hautafungwa nikiwa hai. Kila binti atakayeingia atauza chake kwa mdomo wake. Na kesho nitakaa nyumbani kwangu, nichambue mchele, nisije hata kuchungulia. Nakuahidi mbele ya Mungu.

Labda nipite mara moja tu, kuuliza kama wana chumvi.

Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Kwa heri, Somo.

Mwali wako wa zamani,
Mama Zuhura